Vifuko vya genge vimenijaa jikoni, naomba ushauri

Habari za asubuhi wapendwa. Tangu nijifungue sitoki sana, vitu vya genge naletewa na bodaboda. Nyanya kifuko chake, vitunguu chake, pilipili mbili tu nazo chake! Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku hapa Tanzania tangu Juni 1, 2019, lakini hivi vyepesi vinavyoonyesha ndani, vifungashio, bado vinabebeshwa kila kitu. Jana nimevihesabu kwenye droo: 43. Dada alivichomea uani, moshi ukaingia hadi kwa mtoto, nikamkataza. Waokota chupa hawavitaki. Nikampa boda kikapu cha ukili. Akarudi nacho kitupu kinaning'inia kwenye usukani, nyanya zimo kwenye kifuko. Nyie mnafanyaje? Na mama wa genge nimwambieje asininunie?