Jibu: Ajira za kambini Kigoma na kodi tunayolipa huku

Wakubwa shikamooni, wengine habari za kazi.

Dada uliyeuliza kama umdhamini mdogo wako akope pikipiki kwa kuwa amepata kazi kwenye shirika moja kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kasulu, nakuomba asubiri. Binti wa kaka yangu, muuguzi, alikatishiwa mkataba hapo hapo Kasulu huku akidaiwa mkopo wa SACCOS. Marejesho natoa mimi, kutoka London.

Chanzo hakiko Kasulu. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada ya nje, na tarehe 1 Julai USAID, shirika lao la misaada, likafungwa. Februari 25 mwaka huo huo, Waziri Mkuu wa hapa Uingereza, Keir Starmer, alitangaza bungeni kwamba msaada wa maendeleo utashuka kutoka asilimia 0.5 ya pato la taifa hadi 0.3 ifikapo 2027, ili bajeti ya ulinzi ipande hadi asilimia 2.5. Ilikuwa 0.7 mpaka 2020. Hata kinachobaki si chote kinachovuka bahari: kanuni za OECD, umoja wa nchi tajiri, zinaruhusu gharama za kumtunza mkimbizi huku huku Ulaya, kwa miezi 12 ya kwanza, kuhesabiwa kuwa msaada. Mwaka 2023 zaidi ya robo ya msaada wa Uingereza iliishia humu nchini, hotelini kwa sehemu kubwa. Mwaka huo huo WFP, Shirika la Chakula Duniani, ilikata mgao wa chakula Nyarugusu na kambi ya Nduta, Kibondo, hadi nusu.

Hapo ndipo ninapoumia. Serikali ya hapa inasema inachagua usalama. Nyarugusu ilifunguliwa 1996 kwa sababu ya vita vya Kongo, na 2015 wakaja Warundi. Mwanzoni mwa 2025 waasi wa M23 wakachukua Goma, kisha Bukavu, huko Kongo. Anayekimbia Kivu Kusini akishafika Ziwa Tanganyika, ng'ambo ni kwetu. Na mgao ukipungua, mkimbizi hutoka kambini kutafuta kibarua na kuni, anaingia mashamba ya watu wa Makere, jirani na kambi, ugomvi unaanza, mapanga yanatoka. Gunia la unga pale kambini ni ulinzi, na ni ulinzi wa bei nafuu kuliko kifaru chochote.

Sasa la kufanya. Wengi hawajui kwamba mwenye pasi ya Tanzania anayeishi Uingereza kihalali anaweza kujiandikisha na kumpigia kura mbunge, kwa kuwa sisi ni Jumuiya ya Madola. Huhitaji kuukana uraia wako. Jiandikishe, halafu mwandikie mbunge wako. Weka anwani ya nyumbani na postikodi, maana ofisi zao huwajibu wakazi wa jimbo tu. Usiandike habari za "Afrika". Andika Kasulu, andika Kibondo, eleza nani kakosa nini.

---

Asante kaka. Mimi ni wa Kaliua, Tabora. Ukimwandikia mbunge wako, mtajie na Ulyankulu, makazi ya wakimbizi kwetu. Warundi waliokimbia kwao 1972 walipewa ardhi pale, baadaye wengi wakapewa uraia, na leo wanalima tumbaku na mahindi kama sisi, hawangoji mgao wa mtu. Fedha iliyowekwa mapema ilifanya hivyo. Mimi niko Leeds, nimeshaandika rasimu ya barua. Anayeitaka aniambie nimtumie, abadilishe jina la wilaya yake tu. Na dada, pikipiki isubiri kweli.