Mvua ya tundra ni kidogo kama ya jangwani, mbona kiangazi maji yametuama kila mahali?

Swali
Wadau, kwenye tundra (nyanda za baridi zisizo na miti) za kaskazini mwa Alaska na Siberia, mvua na theluji kwa mwaka ni kama milimita 150 hadi 250 tu. Lakini picha za Julai ni madimbwi na vinamasi hadi macho yanapoishia. Maji hayo yanatoka wapi? Na kina cha udongo ulioyeyuka hupimwaje?

Jibu 1
Maji si mengi, ila hayana pa kwenda. Chini kuna ardhi iliyoganda mwaka baada ya mwaka. Prudhoe Bay, pwani ya kaskazini mwa Alaska, imeganda kwenda chini zaidi ya mita 600. Kiangazi huyeyuka tabaka la juu tu, mara nyingi sentimita 30 hadi 100, na maji ya theluji hukaa humo kama kwenye sinia. Nchi yenyewe ni tambarare. Jua halizami, lakini huwa chini angani, na wastani wa joto la Julai kwa kawaida hauzidi nyuzi 10 hadi 12, kwa hiyo maji hukauka polepole mno.

Jibu 2
Kupima: chukua nondo laini ya chuma cha pua, unene sentimita 1, urefu mita 1 hadi 1.5, yenye mpini na alama za sentimita. Ididimize wima mpaka igome, kisha soma kina kuanzia usoni pa kuvumwani (zulia la mimea midogo laini linalofunika udongo), bila kuikandamiza. Pima mwishoni mwa Agosti. Ukipima Julai udongo bado unaendelea kuyeyuka. Kipimo kimoja hakitoshi, kwani hatua mbili tu pembeni kina kinaweza kubadilika sana. CALM, mtandao wa kimataifa unaofuatilia tabaka linaloyeyuka kila kiangazi, hutumia miraba yenye vituo 121, safu 11 kwa 11.

Nondo ikigonga jiwe hulia kwa ukali. Barafu hutoa mlio mzito. Ukiwa na shaka, sogea kidogo urudie. Pwani kwenye udongo wa chumvi, udongo hubaki laini na nondo hupenya hata joto likiwa chini ya nyuzi sifuri, kwa hiyo tumia vipimajoto.

Jibu 3
Naongeza jambo linalosahaulika: barafu iliyomo ardhini ikiyeyuka, ardhi hushuka. Kina kitasomeka sentimita 45 miaka yote, kumbe uso wenyewe umedidimia. Pima pia kimo cha uso dhidi ya bomba lililozamishwa ndani kabisa ya ardhi iliyoganda.

Na tafadhali msikanyagekanyage kuvumwani. Ikikauka kiangazi huzuia joto. Ikilowa na kuganda hupitisha baridi chini. Gari la minyororo likiichana, barafu ya chini huyeyuka, njia inakuwa mtaro, mtaro unakusanya maji, na maji yanazidi kuyeyusha. Alama hizo hudumu miongo.

Muulizaji
Nimeelewa. Nondo nitaipeleka Agosti, na nitatandika mbao za kukanyagia.