Nyota zinatoka na mkia kwenye darubini, nioshe kioo au nipange vioo kwanza?

Mulikanyota: Wakuu habari zenu. Nina darubini ya Newton (ile ya vioo viwili badala ya lenzi kubwa mbele), kioo kikubwa kipana milimita 150, fokasi yake (umbali toka kioo hadi mwanga unapokutana) milimita 750, ilikaa stoo muda mrefu kabla sijaipata. Nikimulika tochi ndani naona vumbi limetanda, na usiku nyota haikai kuwa kitone, inatoa kamkia upande mmoja, Jupita ndo kabisa mikanda yake haionekani. Nimeandaa kitambaa laini na dawa ya madirisha nikitoe kioo nikifute. Nianzie wapi?

Fundi Lenzi: Mkuu weka hicho kitambaa pembeni tafadhali! Aluminiamu imepakwa juu ya kioo, siyo nyuma kama kioo cha kujitazamia, na unene wake ni kama sehemu moja ya elfu kumi ya milimita, ukisugua vumbi likiwa juu umeshaikwaruza. Vumbi linapunguza mwanga kidogo tu, haliwezi kuleta mkia. Hapo vioo havitazamani.

Zuhura: Kweli kabisa, na 750 gawa kwa 150 ni f/5 (yaani fokasi ni mara tano ya upana wa kioo), hiyo haivumilii hata kosa dogo. Laza bomba, bisibisi isije ikadondokea kioo. Toa lenzi ya jicho, weka kifuniko chenye katundu katikati uchungulie, geuza skrubu za kioo kidogo cha mshazari mpaka uone kioo kikubwa chote. Halafu nenda nyuma, legeza skrubu za kufungia, zungusha zile za springi polepole mpaka katundu kako kakae ndani ya alama ya katikati ya kioo kikubwa.

Mulikanyota: Asanteni. Ina leza yake ya kupangia vioo, ile ya kuchomeka kwenye shimo la lenzi ya jicho, si inatosha?

Kilimia: Kama yenyewe imenyooka. Izungushe humo humo kwenye shimo la lenzi, nukta ikichora duara badala ya kutulia basi usiifuate, itakupoteza.

Fundi Lenzi: Kuosha ni kama kuna alama za vidole au ukungu. Maji yatiririke kwanza yaondoe vumbi, kisha tone la sabuni ya vyombo na pamba mpya unayoiburuza bila kukandamiza, ikipita mara moja tupa. Suuza na maji yasiyo na chumvi, yale ya kuongezea betri (soma chupa vizuri isiwe asidi), simamisha kioo kikauke chenyewe.

Kilimia: Ukishapanga, iache nje nusu saa ipoe, lenga nyota angavu iliyo juu, iharibu fokasi kidogo mpaka nyota itanuke iwe miduara. Miduara ikizungukana na kivuli cheusi cha kioo kidogo kikawa katikati, tayari. Kikiegemea upande gusa skrubu za kioo kikubwa tu, kidogo sana, na kila ukigusa rudisha nyota katikati ndo uangalie tena.