Sili za valvu kwa 3S-FE: naitraili, Viton au Teflon?

Noah_ya_Pwani (Tanga mjini)
Wakuu, naombeni mwongozo. Noah SR40, injini 3S-FE, hedi (kichwa cha injini chenye valvu) nimeshaishusha. Ikilala usiku, asubuhi ikiwashwa inatoa moshi wa bluu kidogo kisha inatulia. Kibaya zaidi ni nikitoka Lushoto: nashuka kwa gia hadi Mombo, nikikanyaga tu mafuta pale chini, walio nyuma hawaoni barabara. Kompresheni iko sawa silinda zote. Dukani sili za valvu, vile vikofia vinavyozuia oili kushuka kwenye silinda, ziko za naitraili ya bei rahisi, Viton na Teflon. Nichukue ipi?

Fundi_Ngamiani
Hizo ni sili, ringi za pistoni ziache. Ukishuka huku umeachia mafuta, throto (mlango wa hewa) imefungwa, pistoni zinanyonya kwa nguvu na oili inavutwa kupitia gaidi za inteki, ile mirija ambamo valvu za kuingiza hewa hupita. Angalia mgongo wa valvu za inteki, utakuta masizi mazito yenye unyevu. Halafu ibinye sili ya zamani kwa ukucha: ikiwa imekakamaa na mdomo haurudi, joto limeshaimaliza.
Mimi nasema Viton zote 16. Naitraili huanza kuchoka joto likizidi kama nyuzi 120; Viton hufika 200.

Mkwezi_Muheza
Fundi, hapo kwenye zote 16 tunatofautiana. Upande wa inteki hupozwa na hewa inayoingia, naitraili nzuri inakaa vizuri tu. Weka Viton egzosi, pesa inayobaki nunua gasketi ya hedi ya maana.

Fundi_Ngamiani
Kwa gari la shambani sawa, ndugu yangu. Huyu anapanda Lushoto na mzigo. Tofauti ya bei ni ndogo kuliko gharama ya kushusha hedi mara ya pili.

Binti_wa_Chumbageni
Rangi isimdanganye mtu. Kuna Viton nyeusi na kuna naitraili za rangi. Someni pakiti: FKM ndiyo Viton, NBR ndiyo naitraili. Na kama seti ina rangi mbili, ulizeni ipi ya inteki kabla ya kufunga.

Mzee_wa_Chuda
Vijana, mbona Teflon mmeiruka? Inafuta oili kupita kiasi, gaidi inabaki kavu. Tena haitaki valvu inayocheza, mdomo wake haufuati kama mpira. Waachieni wa mashindano.
Jambo kubwa zaidi hamjaligusa: gaidi. Uwazi kati ya valvu na gaidi kwa 3S mwisho ni milimita 0.08 inteki na 0.10 egzosi. Ukipita hapo, hata sili ya dhahabu italiwa upande mmoja na moshi utarudi. Pima kwanza, duka baadaye.

Noah_ya_Pwani
Shikamoo mzee. Nimepeleka hedi kwa fundi wa mashine leo. Inteki zote ziko ndani ya kipimo, egzosi za silinda ya tatu zimefika 0.12. Gaidi hizo mbili zinabadilishwa, kisha nafunga Viton pande zote.

Mzee_wa_Chuda
Marahaba, umefanya vyema. Waambie gaidi mpya zipigwe rima (tundu lichongwe hadi kipimo), na kiti cha valvu kisagwe upya baada ya hapo, maana valvu haitakaa tena pale pale.

Fundi_Ngamiani
Wakati wa kufunga, zungushia plasta kwenye mfereji wa loki (vibanio vinavyoshika springi) juu ya valvu, au tumia kifuniko cha plastiki kama kimo kwenye seti. Makali ya mfereji ule hukata mdomo wa sili mpya bila wewe kuona. Paka oili, sukuma kwa bomba linalobana ukingo wa nje tu, usigonge kwa nyundo.