Podikasti za darasani: simu, kishikwambi, rekoda au kompyuta? (Ulinganisho, Tanga)

MwalimuChumbageni
Walimu wenzangu, habari za jioni. Nafundisha Kiswahili darasa la tano, shule ya msingi ya serikali hapa Tanga mjini. Watoto 74, chumba kimoja. Muhula huu nataka watengeneze podikasti, vipindi vya sauti vya dakika tano tano: wawahoji wazee wao, waandike, wasome, wahariri wenyewe.

Wiki mbili nimejaribu kwa simu yangu. Mtoto anayeogopa kusoma mbele ya darasa, ukimwambia "tunarekodi, ukikosea tunarudia", anasoma. Nina binti mmoja ambaye tangu Januari sikuwahi kuisikia sauti yake vizuri. Juzi amerudia aya moja mara sita kwa hiari yake. Kila mara anasikiliza, anatikisa kichwa: "Bado, mwalimu." Kwa ajili ya huyo peke yake nataka kazi hii isife.

Sasa mkuu wa shule anataka nichague kifaa kimoja tukiwekee utaratibu. Kuna simu. Kuna vishikwambi tulivyogawiwa walimu baada ya sensa ya 2022. Kuna rekoda ndogo ya mkononi, mzazi mmoja yuko tayari kuichangia. Na kuna kompyuta ya ofisini, tungeiwekea Audacity, programu ya kurekodi na kuhariri sauti. Aliyetumia aniambie kilichomkwamisha.

BintiPangani
Mwalimu, pole na hongera. Mimi nina watoto 38 tu, kwa hiyo hesabu zetu hazifanani, lakini nimepita simu na kishikwambi vyote viwili.

Kishikwambi nilikipenda kwa sababu kioo ni kikubwa, kikundi kizima kinaliona wimbi la sauti likipanda na kushuka. Tatizo ni kwamba kinawekwa mezani, watoto wanakizunguka, basi kinanasa viti, viatu, na wale wa darasa la pili wanaoimba jirani. Tulikilaza juu ya kanga iliyokunjwa mara nne, kishindo cha meza kikapungua. Sauti za watoto zikabaki mbali vilevile.

Simu mtoto anaishika mwenyewe. Shubiri moja kutoka mdomoni, basi, darasa lote linarudi nyuma. Baadaye tulinunua maiki ya waya ya kubana kwenye kola, elfu 15. Angalia pini yake kabla hujalipa: ya simu ina pete tatu, yenye mbili mara nyingi ni ya kamera na simu haitaisikia. Mimi ya kwanza niliipoteza hivyo. Na uzime mtandao wa simu kabla ya kurekodi, maana mtoto akishapata ujasiri halafu ikaingia simu ya kuulizwa umefika wapi, ule ujasiri haurudi siku hiyo.

Kura yangu: simu.

FundiSautiNgamiani
Mimi si mwalimu, narekodi kaswida na harusi, lakini mada imenigusa. Huyo mzazi mshukuruni, ila rekoda isiwe kifaa cha kwanza. Ni nzuri mkitoka nje. Darasani haiwapi kitu ambacho simu iliyoshikwa karibu haiwapi.

Tena rekoda nyingi hurekodi WAV, yaani faili la sauti lisilobanwa. Kwa ubora wa kawaida wa CD, maiki moja, dakika moja ni kama megabaiti 5, kipindi cha dakika tano ni zaidi ya 26. Kikibanwa kuwa mp3 ya kilobiti 64 kwa sekunde kinakuwa kama megabaiti 2 na nusu. Kwa sauti ya mtu anayezungumza hiyo inatosha kabisa, na bando la mzazi linaponea hapo.

Mkienda kurekodi Raskazone au popote penye upepo wa bahari, vesheni maiki soksi safi ya pamba. Sifanyi mzaha, upepo ukigonga maiki hakuna programu itakayoutoa.

Jambo jingine ni herufi P. Mtoto akisema "Pangani" au "popo" mdomo ukiwa umeelekea maiki moja kwa moja, pumzi inapiga kama ngoma. Maiki ikae pembeni kidogo ya mdomo, usawa wa shavu.

MwalimuChumbageni
Fundi, umenipa somo zima. Sisi wa mwambao tuna *paa* la nyumba na *paa* wa porini, na bibi zetu yule wa porini humtamka kwa pumzi. Nitawaambia watoto waweke kiganja mbele ya mdomo waseme yote mawili, waisikie tofauti kwenye ngozi. Wengi hawaitamki tena. Wakiwarekodi wazee wao wataisikia.

MwlMuheza
Nasimama upande wa kompyuta. Audacity ni ya bure na haihitaji intaneti ukishaiweka. Kila kikundi kirekodi kwanza sekunde tano za kimya, hapo programu inajifunza mngurumo wa feni na kuupunguza. Usizidishe, sauti itakuwa kama ya mtu aliye chini ya maji.

Watoto 74 ni makundi 12, mawili yakiwa na watoto saba. Kompyuta moja haiwezi kuwasubiri wote, kwa hiyo sisi tunahariri daftarini kwanza. Kikundi kinasikiliza mara mbili, kinaandika: "dakika 1 sekunde 20, Juma amekohoa, kata", "dakika 3, bibi amerudia, acha, anarudia vizuri". Kisha wanakwenda kwenye kompyuta na karatasi yao, dakika kumi wamemaliza. Ubishi wao juu ya nini kikatwe ndio ufahamu wa kusikiliza ninaoutafuta mwaka mzima.

BintiPangani
Daftari nimelikubali na naliiba. Lakini dada, kwangu kompyuta ilikuja kushikwa na mtoto mmoja, yule mwenye ya nyumbani kwao. Wenzake walikaa nyuma yake kama abiria. Simu ilizunguka mikono yote.

MwlMuheza
Kweli, hilo lilinikuta. Sasa anayeshika kipanya ni yule ambaye hakusoma kwenye rekodi, na mwenzake anamsomea karatasi. Mwenye kujua zaidi anaruhusiwa kusema, haruhusiwi kugusa.

MamaWawili_Raskazone
Samahanini walimu, mimi ni mzazi. Mnazungumza vifaa, nauliza sauti hizi zinaishia wapi? Shule aliyokuwa mwanangu zamani, rekodi yake ilitumwa kwenye grupu la WhatsApp na jina lake kamili, darasa na mtaa tunaokaa. Ndani ya siku mbili niliipokea kutoka kwa mtu nisiyemjua. Sikulala vizuri.

Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inatumika tangu Mei 2023, na sauti ya mtoto pamoja na jina lake ni taarifa zake. Tuleteeni karatasi tusaini, ituambie wazi: itachezwa shuleni tu, au itapanda mtandaoni. Mimi ya kwanza nitasaini siku hiyohiyo.

MwalimuChumbageni
Mama, asante sana, na pole. Hilo sikulipa uzito na nilipaswa kuanza nalo. Karatasi itatangulia, jina la kwanza tu, mtaa hautatajwa. Vipindi vitabaki kwenye flashi ya shule na kuchezwa kwa spika mstarini Ijumaa asubuhi. Mtandaoni hatuendi mwaka huu. Atakayetaka kwenda aulize kwanza TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kuhusu kanuni za maudhui mtandaoni.

BintiPangani
Kabla hujafunga, watoto wahakikishe wanachosema. Wangu mmoja alirekodi kwamba mkonge asili yake ni Tanga, maana kauona tangu kuzaliwa. Bibi yake akamkatiza humohumo kwenye rekodi: "Ulikuja na Wadachi huo." Tukaenda kutafuta. Kumbe asili yake ni Meksiko, Mjerumani Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893, miche 62 tu ikafika hai, ikapandwa Kikogwe, hapa hapa kwetu Pangani. Mtoto alirekodi upya, ila akaomba sauti ya bibi akimkatiza isitolewe.

MwalimuChumbageni
Isitolewe kabisa!

Basi nimeamua hivi. Kurekodi ni simu mbili, yangu na ya mwalimu mwenzangu, pamoja na maiki ya kola. Kuhariri ni daftari kwanza, kisha Audacity kwa zamu ya makundi mawili kila Jumatano. Kishikwambi kitabaki cha kuonyeshea wimbi. Rekoda nitamwomba mzazi atuazime siku tutakayokwenda mapango ya Amboni.

Makundi yameshaanza kuandika maswali. Yule binti yangu atamhoji bibi yake, aliyefanya kazi shamba la mkonge. Ameniletea daftari leo, swali la kwanza kalifuta na kuliandika upya mpaka karatasi imetoboka: "Bibi, ile miiba ilikuwa inakuchoma wapi, na nani alikuwa anakutolea?"