Naomba ushauri: "peritus" au "expertus" kwenye kibao cha mzee wetu?

Habari za jioni ndugu zangu. Hasa ninyi mliosoma Kilatini seminarini, naombeni msaada.

Parokiani kwetu kuna mzee, fundi seremala, anastaafu. Mabenchi yote tunayokalia ni kazi ya mikono yake, na mpaka leo huupitishia ubao kidole gumba kwanza ndipo achukue futi. Tumekubaliana kumchongea kibao cha mninga chenye mstari mmoja wa Kilatini, na maneno nimeachiwa mimi niliyeishia kidato cha pili seminarini.

Nilianza na "faber expertus", yaani fundi mzoefu. Kufungua kamusi, nikasita: expertus inatokana na experiri, kujaribu, hivyo inaweza kusomeka "aliyejaribu" au hata "aliyejaribiwa". Peritus naiona ndiyo inayobeba ubingwa wenyewe. Sollers ipo pia, lakini huo ni wepesi wa akili na mikono, hata kijana wa miaka 20 anaweza kuwa nao. Mzee wetu ana miaka 43 kazini!

Sasa nimeandika "faber artis suae peritissimus", yaani fundi bingwa kabisa wa kazi yake. Je, artis ibaki katika genitivo (umbo la "ya" au "wa"), kama kwenye iuris peritus, bingwa wa sheria, au ablativo (umbo la "kwa" au "katika"), arte sua, inafaa zaidi? Na neno usus, yaani uzoefu wa kutenda, naweza kuliingiza wapi bila kurefusha mstari? Kibao kina sentimita 60 tu, na mchongaji anaanza Jumatatu.

Natanguliza shukrani.