Ukoo wa Matamba: Kigia kimeganda H4

Lusajo: Shikamooni wakubwa. Nimeshuka Chimala salama, ila Hailaksi imekataa kutoka fowili, injini bado inasukuma tairi zote nne. Kile kigia kidogo kimeganda H4, nikivuta kuelekea H2, ya tairi za nyuma peke yake, hakisogei kabisa.

Shangazi Tumpe: Marahaba mwanangu. Pole. Viazi havijalowa?

Lusajo: Viazi vizima shangazi. Mgonjwa ni gari.

Ipyana: Zima, chomoa kichwa cha betri, subiri kidogo, rudisha. Gari ya jirani yangu hapa Dodoma ilipona hivyohivyo.

Lusajo: Nimepata fundi hapa barabarani. Anasema ndani kuna kitu kimekatika, gia boksi ishushwe. Anataka laki tatu na nusu ya kuanzia.

Baba Lusajo: Ya kuanzia! Ya kumalizia itakuwa ngapi?

Mjomba Gwaki: Lusajo, huyo fundi asifungue hata nati moja. Mpe soda akae pembeni. Nijibu kwanza. Kilichoganda ni kigia chenyewe, au kigia kinasogea ila taa ya dashibodi haizimi?

Lusajo: Shikamoo mjomba. Kigia chenyewe. Na taa inawaka.

Mjomba Gwaki: Marahaba. Ukikata kona usukani unakuwaje?

Lusajo: Mzito sana. Nilipogeuza hapa kwenye lami tairi za mbele zililia, gari ikawa kama kuna mtu ameshika breki.

Mjomba Gwaki: Basi ni fowili kweli, si taa inayodanganya. Uliweka wapi?

Lusajo: Matamba. Kulikuwa na tope la kuogopesha. Nikashuka nayo mpaka chini, nilihofia kuteleza kwenye zile kona.

Baba Lusajo: Kona zote hamsini na saba ukiwa fowili?

Lusajo: Zote baba. Kwenye mawe ilikuwa inashika vizuri.

Mjomba Gwaki: Hapo hapo 😂 Natuma sauti, kuandika kunanichelewesha.

🎤 *Sauti, dakika 2*

Atupele: Mjomba, bando langu halitoshi kufungua masauti.

Mama Atupele: Nimesikiliza mimi, naandika alivyosema. Hailaksi hiyo ya kijiti, ukiiweka H4, shafti ya mbele na ya nyuma zinafungwa pamoja, zinazunguka sawasawa. Lakini gari ikikata kona, tairi za mbele zinapita njia ndefu kuliko za nyuma, kwa hiyo zinataka kuzunguka zaidi. Kwenye tope si shida, tairi inateleza kidogo na mambo yanakwenda. Kwenye mawe makavu au lami haina pa kuteleza. Ile tofauti inakuwa pinda linalobaki ndani ya shafti na meno ya gia, kama kitenge watu wawili wanakikamua kila mmoja upande wake. Kila kona linaongezeka. Mwisho meno yanabanana kiasi kwamba kigia hakiwezi kuyaachanisha. Anasema hakuna kilichokatika. Akamalizia na maneno juu ya huyo fundi, sitayaandika, kuna watoto humu.

Atupele: 😂😂

Ipyana: Kwa hiyo betri?

Mjomba Gwaki: Betri ni kwa zile za kuzungusha swichi, kuna mota ndogo inayosukuma. Hii inasukumwa na mkono wako. Utachomoa betri mpaka Pasaka.

Lusajo: Nifanyeje sasa? Nimekivuta mpaka bega linauma.

Mjomba Gwaki: Acha kuvuta. Ukitumia nguvu utapinda uma wa ndani unaosukuma gia, hapo ndipo laki tatu na nusu itakuwa halali yake. Tafuta mahali tambarare, panyooke, pawe na vumbi au kokoto, siyo lami. Nyoosha usukani. Weka rivasi, rudi nyuma polepole bila kukunja hata kidogo. Ukiwa unatembea bado, kanyaga klachi, halafu sukuma kigia kwa mkono wa kawaida. Kona ulizipiga ukienda mbele, sasa unalifungua lile pinda kwa kurudi.

Lusajo: Kuna uwanja wa magunia nyuma ya maduka. Naenda.

Shangazi Tumpe: Angalia watoto nyuma unaporudi.

Baba mdogo Dar: Wapwa na wanangu, kwa nini asivutwe tu mpaka Mbeya? Breki dauni ziko, wainue mbele, nyuma ijiviringishe.

Mjomba Gwaki: Shemeji, hapana. Kwa sasa mbele na nyuma zimefungwa pamoja. Ukiinua mbele na nyuma inaviringika, zile za mbele zitazunguka hewani, pengine mpaka zijinasue au zivunje kitu. Gari iliyoganda hivi inapandishwa nzima kwenye lori, tairi zote nne juu.

Baba mdogo Dar: Nimekuelewa. Huko ni ghali.

Lusajo: Mjomba, nimerudi nyuma mara ya kwanza kimya. Bado.

Mjomba Gwaki: Rudi tena, umbali zaidi. Ikigoma, nenda mbele kwenye mchanga ukikunja kushoto kulia taratibu, uzipe tairi nafasi ya kuteleza.

Ipyana: Au afungue shafti ya mbele kabisa. Nimewahi kuona watu wanafanya.

Mjomba Gwaki: Hiyo kweli inafanya kazi, leo umesema. Spana namba 14, shafti inatoka, unatembea na nyuma peke yake. Lakini ikiwa imekamuliwa hivyo inaweza kuruka na kukuvunja vidole. Kabla ya huko kuna jeki: weka mawe mbele na nyuma ya tairi za nyuma, vuta hendibreki, inua tairi moja ya mbele. Likiachana na ardhi tu litajizungusha lenyewe kwa ghafla, pinda limetoka. Mtu asiwe chini, mkono usiwe karibu na tairi. Ila jaribu rivasi kwanza.

Lusajo: IMETOKA

Lusajo: Imepiga TANG! chini, nikadhani imevunjika kweli. Kigia kikaingia H2 kama kisu kwenye siagi.

Mama Atupele: Bwana asifiwe!

Baba Lusajo: Huyo fundi anasemaje?

Lusajo: Anasema ndivyo alivyotaka kunishauri.

Atupele: 😂😂😂

Lusajo: Ila mjomba, taa ya fowili sasa inawaka na kuzima, inawaka na kuzima.

Mjomba Gwaki: Hiyo isikuogopeshe. Kigia kikiwa H2 injini haisukumi mbele tena. Kinachobaki ni kile kidude kwenye difu ya mbele kinachoachanisha ekseli, kinafanya kazi kwa vakyumu, yaani hewa kunyonywa kwenye mipira. Tembea kidogo mbele, kidogo nyuma. Isipozima chungulia chini, kwenye difu ya mbele utaona mipira miwili myembamba. Angalia kama mmoja umechomoka.

Lusajo: Haujachomoka. Mmoja una ufa mwishoni, tope tupu.

Mjomba Gwaki: Kata ile sehemu yenye ufa, kama mpira una urefu wa kutosha rudishia. Huyo fundi wako wa soda akusaidie, ana kisu.

Lusajo: Ametusaidia kweli. Amekataa hela. Taa imezima 🙏 Ndaga fijo mjomba. Hii picha ya gari.

📷 *Picha*

Mjomba Gwaki: Subiri. Kuza hiyo picha. Tairi za nyuma mbona ndefu hivyo? Nisomee namba za ubavuni, mbele na nyuma.

Lusajo: Mbele 245/70R16. Nyuma 265/70R16.

Mjomba Gwaki: Shemeji 🙆🏾‍♂️

Baba Lusajo: Nilizipata kwa bei nzuri. Na nyuma ndiko kunabeba mzigo.

Mjomba Gwaki: Sikatai mzigo. Piga hesabu: ya nyuma ina kimo cha takriban milimita 777, ya mbele 749. Kila mzunguko mmoja zinapishana karibu sentimita 9. Kwa kilomita moja tu, mbele zinataka kuzunguka kama mara 15 zaidi ya nyuma. Na umezifunga pamoja! Gari hiyo ingeganda hata kwenye barabara iliyonyooka kama rula, bila kona hata moja. Zile za Chimala zimeharakisha tu.

Ipyana: Kwa hiyo mwenye kosa si Lusajo.

Baba Lusajo: Ipyana, wewe ulikuwa kwenye betri, kaa hukohuko.

Shangazi Tumpe: Jamani Lusajo atembee, giza linaingia. Kutoka hapo mpaka Mbeya ni karibu kilomita 80 na malori yale.

Lusajo: Naondoka shangazi. Usukani mwepesi sasa, natumia mkono mmoja.

Mjomba Gwaki: Tumia miwili. Jumamosi uilete kwangu nimwage oili ya hiyo boksi ya fowili. Tutaangalia kama ina vyuma, ikiwa safi tunaweka mpya na kufunga. Na bushi za kigia nizipake grisi.

Baba Lusajo: Tairi mbili za mbele nitanunua mwisho wa mwezi, sawa na za nyuma. Mpaka hapo je? Wiki ijayo kuna mzigo mwingine Matamba na mvua haijaisha.

Mjomba Gwaki: Kwenye tope weka H4 bila wasiwasi, ndiyo kazi yake. Likiisha tope tu, simama, toa, ndipo mshuke. Kwenye mawe mnashuka na gia kubwa namba moja au mbili, injini ishike gari.

Baba Lusajo: Sawa. Na zile 245 zikitoka nampa nani?

Baba mdogo Dar: Mimi nazichukua 🙋🏾‍♂️